Macho ya Sanamu ya Nyabusungu

Nyabusungu,
Jumatano mchana

Kaka yangu mpendwa Benjamini,

Kabla hujaendelea, nakuomba uache ulichoshika, ufunge mlango wa karakana na uisome barua hii peke yako. Usimsomee mtu. Usiiache mezani hata ukienda kunawa mikono, na ukiimaliza itie jikoni, uisubiri mpaka iishe kuungua. Wifi Klara mweleze kwa mdomo yale tu yatakayomsaidia. Si kwamba simwamini. Ila maneno yakishakaa kwenye karatasi hayachagui msomaji, na mimi kazi yangu ni ukarani, nalijua hilo.

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, wifi na watoto, na kwamba ule mguu uliokusumbua masika umepata nafuu. Mimi mwili haujambo. Chakula ndicho hakipiti vizuri, na kila pikipiki ikisimama nje ya ofisi nanyanyua kichwa.

Mama naye hajambo, nilimwona Jumapili. Lakini ni kwa ajili yake ninakuandikia. Nakuomba umfuate nyumbani kabla ya Jumamosi, umchukue akae kwako Ibadakuli, na umpitishe barabara ambayo haiingii hapa Nyabusungu. Nakuomba hivyo kwa sababu naogopa atauawa. Nimelifuta neno hilo na kuliandika tena, na sina jingine. Vumilia nikueleze kwa utaratibu, maana nikianza na mwisho hasira itakuzuia kuusikia mwanzo.

Sijui kama habari za sanamu yetu zimefika Shinyanga. Hapa hakuna mazungumzo mengine. Mwaka jana uongozi wa mji uliamua kwamba kipilefti kipya, pale barabara ya Kharumwa inapokutana na ile ya machimboni, kiwekewe sanamu ya mtu aliyepigania haki enzi za wakoloni. Ikaundwa kamati, mwenyekiti akawa Diwani Mwigulu, nami nikapewa kuandika kumbukumbu. Nilidhani itakuwa kazi nyepesi.

Diwani alimtaka Mbuke ng'wana Jilala, yule mwanamke tuliyesimuliwa tangu utotoni, aliyewaongoza wenzake kukaa chini barabarani na majembe yao, ili ng'ombe waliochukuliwa kwa amri ya kupunguza mifugo wasipite. Akafungwa, akatoka, akaendelea. Januari Chacha, mwenyekiti wa wachimbaji wadogo, alimtaka Selestine, kibarua aliyeongoza mgomo kwenye mgodi wa wazungu miaka hiyohiyo. Mimi kwa akili yangu niliona wote wawili wanastahili. Ila kipilefti ni kimoja.

Januari alisema mji huu unanyonya kwenye duara la dhahabu, haunyonyi kwenye kiwele, na kwamba dhahabu isingekuwepo hata mheshimiwa diwani angekuwa anauza karanga stendi. Diwani akamjibu kwamba hayo maduara yamechimbwa kwenye mashamba ya watu, na kwamba wachimbaji ni wageni wa msimu. Mwamba ukiishiwa dhahabu watampakia huyo Selestine wao kwenye bodaboda na kumhamishia machimbo mengine. Ukumbi ukacheka sana. Januari hakucheka. Alikusanya karatasi zake taratibu, akasema yeye amezaa watoto wanne hapa na amemzika mmoja hapa, sasa aambiwe ni msimu wa ngapi ndipo mtu anaacha kuwa mgeni. Tukapiga kura, Mbuke akashinda kwa kura chache.

Hapo ndipo shida ya picha ilipoanza. Mbuke hakuwahi kupigwa picha. Tulikwenda mimi na diwani kwa Mzee Jilala, mtoto wa kaka yake, kuuliza kama ipo hata moja. Mzee akatukaribisha vizuri, akatupa vigoda, halafu akamwita msichana mdogo aliyekuwa anapukuchua choroko, akasema Mbuke ndiye huyu, mpigeni picha. Tukadhani ni mzaha. Mzee akatueleza kwa upole, kama anayewaeleza watu wasiojua njia, kwamba mtoto alipozaliwa alilia mpaka akapewa jina la marehemu, akanyamaza, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe humwamkia shikamoo na kumwita mayu, yaani mama. Kwao Mbuke alikwisharudi. Kwa nini watafute sura yake ya zamani wakati anayo mpya? Diwani akapiga picha kwa kuogopa kumvunjia heshima, nikaituma Mwanza kwa Mzee Mabula, fundi wa sanamu. Naye akapiga simu kuuliza kama tunataka shujaa au tangazo la dawa ya meno, maana binti hana meno mawili ya mbele.

Basi diwani akaniagiza nimtafutie fundi picha za wanawake wazee wa huku, aone tu namna wanavyofunga kaniki na kushika jembe, sura ataibuni mwenyewe. Nikakusanya picha kadhaa, nikazituma.

Siku ya uzinduzi ulijaa umati ambao sijawahi kuuona hapa. Ngoma zilikuja, shule zilikuja, hata wachimbaji walisimama mbali wakila miwa. Kitambaa kilipovutwa, watu walipiga kelele. Kaka, sanamu ile ni nzuri. Mwanamke amefunga kaniki, jembe begani, shingo ameigeuza kidogo kama aliyeitwa na mtu nyuma yake. Juu ya jicho la kushoto ana kovu. Diwani akaliona kovu hilo wakati uleule tulipoliona sisi, lakini ulimi wake haukosi la kusema. Akashika kipaza sauti, akasema hilo ni pigo la rungu la askari wa mkoloni. Wazee wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Wiki haikuisha, nikamsikia mwalimu akiwafundisha watoto habari za rungu lile pamoja na jina la askari.

Kisha Mzee Jilala na ukoo wake wakasogea, wakamwagia miguu ya sanamu pombe na maji ya unga, wakataja majina ya masamva wao, wazee waliotangulia, na la mwisho wakamtaja yeye. Wakamwomba mvua. Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Kwa nini nilikishika, nitasema.

Kwa muda mambo yalikuwa ya mzaha tu. Wachimbaji walimwita sanamu Mama Maziwa. Wakipita na mifuko ya mawe kwenda kuyasaga kwenye karasha, walimwambia ashuke awasaidie kubeba, si ana jembe. Mmoja alimvika kofia ya kazini, na kusema kweli ilimpendeza. Mtu angeweza kuishi na mzaha huo.

Halafu asubuhi moja tukakuta macho yamepakwa rangi nyekundu.

Sina haja ya kukueleza wewe kwamba huku kwetu macho mekundu husemwa ni ya mchawi. Bibi yeyote aliyepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote macho yake huwa hivyo, na wewe unajua ni wangapi wamelipia moshi huo kwa panga. Unamkumbuka jirani yetu aliyekuwa akitugawia karanga. Hatukumaliza hata kumlilia, watu walikuwa wamekwishagawana shamba lake. Nilisoma, nikapata cheti, nikaja kukaa kwenye ofisi yenye feni, lakini nilipoyaona macho yale pale kipilefti nilihisi nimerudi nyuma ya mlango wetu, mama ameziba mdomo wangu kwa kiganja.

Nani alipaka, sijui. Januari aliapa mbele ya watu kwamba si yeye wala vijana wake, kwamba ugomvi wake ni wa Selestine na si wa kutukana wazee wa watu, na mimi nilimwamini. Lakini rangi ilikwishafanya kazi yake. Diwani aliagiza yaoshwe. Wafagiaji wakasema wao wameajiriwa kwa barabara, si kwa mizimu. Mlinzi wa soko akasema ana watoto. Kila aliyeambiwa alipata shughuli nyingine, mpaka leo macho ni mekundu. Watu sasa wanazunguka kipilefti haraka, na akina mama wanawafunika watoto nyuso.

Baada ya hapo Januari akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu siku ya uzinduzi. Alisema, kama Mbuke hakuwahi kupigwa picha, huyu aliyesimama pale ni nani? Akadai diwani amemsimamisha shangazi yake kwa fedha ya umma. Picha ya sanamu, pamoja na macho yake hayo, ikasambazwa kwenye simu za watu, na maneno chini yake: anayemfahamu bibi huyu ajitokeze. Wilaya nayo imesikia, na Jumamosi wanakuja watu wa kusikiliza pande zote, mkutano wa hadhara uwanja wa soko, kila mwenye neno aseme.

Mzee Jilala alikuja ofisini mwenyewe. Alikaa kwenye benchi na fimbo yake, akasema hana ugomvi na mtu, ila anaomba jambo moja. Kama huyo mwanamke ni marehemu, ukoo wake uombwe radhi. Kama yu hai, basi wao wametenda kosa kubwa bila kujua, wamemwita mtu anayepumua akakae na waliolala, na lazima apatikane ili atolewe huko kwa utaratibu wake. Aliyasema hayo kwa huzuni, akaniaga kwa jina, akaniita binti yangu. Lakini vijana aliokuja nao hawakusema hivyo. Niliwasikia uani wakisema mtu hai anayekubali kumwagiwa pombe ya masamva anajua anachokitafuta, na macho yake si yameshaonyesha? Mmoja akacheka, akasema bibi wa namna hiyo haitwi kwenye mkutano, anafuatwa kwake.

Leo asubuhi Agnetha, mama anayetupikia chai hapa ofisini, kanisogelea wakati namwaga majani ya chai. Akaninong'oneza kwamba mnunuzi mmoja wa choroko, anayezunguka na baiskeli vijijini, ameitazama picha kwenye simu ya mwenzake, akasema sura hii anaifahamu, ni ya bibi mmoja aliyewahi kumwuzia mzigo, na kwamba Jumamosi atasema ni kijiji gani. Agnetha aliyasema kama habari ya kufurahisha. Nikamjibu kwamba watu wanapenda kujipa umuhimu. Nikarudi mezani, nikakosea kuandika tarehe ya leo.

Nadhani umekwishaelewa, kaka. Umeelewa tangu kwenye kovu.

Halikutoka kwa rungu la askari yeyote. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umemfungua yule ndama mwekundu uliyemwita Waziri, ukashindwa kumzuia, mama akakimbia kukukinga usikanyagwe, na nguzo ya zizi ikampata juu ya jicho. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini mmenisimulia mara nyingi kiasi kwamba naiona damu. Sasa mji mzima unaisimulia kwa namna nyingine, na sanamu iliyosimama kipilefti cha Nyabusungu ni mama yetu.

Katika picha nilizomtumia Mzee Mabula niliweka na ile niliyompiga mama akitoka shambani, kaniki kiunoni, jembe begani, amegeuka kwa kuwa nilimwita. Niliiweka kwa ajili ya kaniki na jembe. Nakuapia, kwa ajili ya hivyo tu. Fundi akaupenda uso. Baadaye aliniambia kwenye simu kwamba picha nyingine zilikuwa za watu wanaopigwa picha, hii ilikuwa ya mtu.

Lakini hilo ni kosa tu, na kosa ningeweza kulisema bila kutetemeka. Linalonitesa ni hili. Sanamu ililetwa siku mbili kabla ya uzinduzi, ikafunguliwa stoo ili tuikague, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Nilimwona mama. Ningeweza kupiga kelele palepale. Nilikwenda kwa diwani, kweli, nikamwambia sura hii ni ya mtu ninayemjua. Sikusema nani. Akaniambia sanamu haina kitambulisho cha taifa, nenda kaandike ratiba. Nami nikaenda kuandika ratiba, na njiani, kaka, nilikuwa natabasamu. Nilifurahi. Nilimfikiria mama aliyetukanwa na ndugu za baba pale alipofiwa, aliyepangiwa sehemu ya mwisho kwenye kila foleni ya kisima, na nikamwona amesimama juu, diwani yuko chini yake. Nikajiambia na asimame. Nani atajua? Wakati kitambaa kinaanguka nilishika kiti ili nisilie kwa furaha. Nilipowaona wakimwaga pombe miguuni pake ndipo furaha iliponitoka, na mpaka leo haijarudi.

Jumapili nilikwenda nyumbani nimtoe. Nilimkuta jikoni, anapuliza moto wa mabua, akageuka kunitazama na macho yale. Nikamwambia twende ukapumzike kwa kaka. Akasema karanga hazijang'olewa na ng'ombe anakaribia kuzaa, apumzike ili iweje. Nikamsihi mpaka akanishuku. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Halafu akaniambia wamesikia kanisani kwamba huku mjini kuna sanamu nzuri ya Mbuke, kwamba bibi yetu alikuwa akimtaja sana, nimwonyeshe basi kwenye simu. Nikasema simu imezima. Ilikuwa mfukoni, ikalia wakati huohuo. Alinimenyea kiazi, akanipa.

Ndiyo maana nakutuma wewe. Kwa neno langu hatoki, kwa neno lako atatoka. Mwambie wifi Klara anakaribia kujifungua na anamhitaji, jambo ambalo si uongo, mwezi wake si ndio huu? Mama hawezi kukataa kuja kumwogesha mzazi na kumpikia uji. Karanga na ng'ombe umkabidhi mjomba. Usimweleze chochote njiani. Akishafika kwako, akanywa maji, akakaa, mwonyeshe picha niliyoifunga ndani ya bahasha hii. Ni ya siku ya uzinduzi, kabla ya rangi. Napenda aione hivyo kwanza. Mwambie ni mimi.

Nami nikishapata habari kwamba amefika, nitakwenda kwa Mzee Jilala kabla ya Jumamosi. Nitapiga magoti nimweleze ni nani wamemwita, nimwombe amtoe huko kama alivyosema. Kisha nitasimama kwenye mkutano niseme picha niliituma mimi. Kazi nitaipoteza, najua, na huenda si kazi tu. Lakini nikisema kabla mama hajaondoka nitakuwa nimewaelekeza watu nyumbani kwake kwa kinywa changu, na nikinyamaza baada ya yeye kuondoka, watamtafuta bibi mwingine mwenye kovu. Wazee wenye makovu hawakosekani huku.

Msalimie wifi Klara, mwambie namwombea ajifungue salama. Wabusu watoto. Mama akifika mpe shikamoo yangu, ingawa sijui kama ataipokea.

Sasa sikiliza vizuri. Barua hii anakuletea Mwanaima, anayefuata vitenge Shinyanga. Hajui kilichomo, wala usimwambie. Usinipigie simu, na usitume ujumbe, maana siku hizi simu za ofisini zinasomwa na kila mtu. Mama akishakuwa ndani ya nyumba yako, mpe Mwanaima maneno haya tu: karanga zimefika. Nitaelewa. Anarudi Ijumaa.

Kama itakubidi uje mwenyewe, shuka Kharumwa, usishuke hapa, na uniulizie kwa Agnetha, nyumba ya pili nyuma ya kituo cha kununulia pamba. Usiniulizie ofisini. Ukinikosa kwa Agnetha, pita kipilefti kama msafiri yeyote na uyatazame macho ya sanamu. Yakiwa bado mekundu, jua maneno yako hayakunifikia. Usinitafute, rudi ukakae na mama. Yakiwa meupe, ni mimi niliyeyaosha. Basi njoo kwa Mzee Jilala, uniite jina langu ukiwa nje ya boma, na usiingie mpaka usikie sauti yangu ikikuitikia.

Mdogo wako,
Mariana